Ubora wa kikapu cha ukindu huamuliwa kabla msusi hajaanza kusuka

Mleta uzi

Wanajamvi, nawasalimu nyote kwa heshima. Mazungumzo mengi ninayoyasoma kuhusu vikapu na mikeka ya pwani yetu huanzia kwenye nakshi, hupita kwenye rangi, kisha huishia sokoni. Sina ugomvi na nakshi wala rangi, kwani mimi mwenyewe ni msusi wa ukili, ule utepe unaoshonwa kuwa kikapu au mkeka, na nimefunzwa na wanawake wa ukoo wangu walioshindana kwa nakshi. Hata hivyo naona tunaisahau sehemu inayobeba nyingine zote, nayo ni matayarisho ya ukindu, yaani majani ya mkindu tunayosukia. Kikapu kinapolegea mapema, kinapotoa madoa meusi au kinapokatika kwenye mkunjo, mara nyingi chanzo si mkono wa aliyekisuka. Chanzo ni kuti lililokatwa likiwa limekwisha kukomaa, au lililosukwa kabla halijakauka, au lililochanwa bila kulinganishwa upana.

Tuanze na mti wenyewe. Mkindu ni wa jamii moja na mtende, hupenda kingo za mito na mabonde yenye maji, na huota kichaka, vigogo kadhaa vikitoka katika shina moja. Kuti linalofaa kwa kazi safi ni lile changa lililosimama katikati ya kilele, ambalo majani yake bado yamekunjana. Kwa kuwa halijafunguka kulipokea jua, halijawa kijani, na likikauka hutoa weupe ulio sawa kuanzia shinani hadi nchani. Kuti lililokwisha kuchanua huwa gumu, na likianikwa hugeuka kahawia isiyolingana, pengine na mistari ya kijani iliyofifia ambayo haifichiki hata kwa rangi. Mvunaji mzuri huingiza mkono kwa uangalifu, maana chini ya kuti kuna miiba mikali, naye hukata juu ya moyo wa mti bila kuugusa. Kigogo cha mkindu kina moyo mmoja tu; ukikatwa huo, kigogo hicho hakitoi kuti jingine.

Baada ya kuvuna huja kuanika, na hapa ndipo wenye haraka hujiharibia. Jani bichi limejaa maji. Ukilisuka hivyo, ukili utauona umebana vizuri siku hiyo, kisha jani litakauka likiwa tayari limefungwa, chane, yaani vipande vya jani lililopasuliwa, zitapungua upana, na kila zilipopishana patabaki uwazi. Kwa hiyo ukindu hukaushwa kabisa kwanza, ukigeuzwa-geuzwa juani, na kuanuliwa jioni ili umande usiukute umefungwa mafungu. Fungu lililoingiwa na unyevu hupata ukungu ndani kwa ndani, na vidoadoa vyake haviondoki. Wakati wa kusuka ndipo jani kavu hulainishwa kwa maji kidogo, hutiwa unyevu wa juu juu tu, lisikatike linapokunjwa. Baina ya jani bichi na jani kavu lililoloweshwa kuna tofauti kubwa sana, ingawa mkononi yote mawili huonekana laini.

Kisha kuna kuchana. Uti wa kati wa kila jani huondolewa, na jani hupasuliwa kupata chane za upana mmoja. Nawaomba mlizingatie hili. Ukili ni utepe unaosukwa kwa mshazari. Kila chane hutoka ukingo mmoja hadi mwingine, hukunjwa pale ukingoni, na kurudi. Chane moja ikiwa pana kuliko wenzake, husukuma zote inazopishana nazo, na kosa hilo hujirudia kila inapopita. Ndiyo maana nasema kwamba msusi hodari aliyepewa chane mbaya hutoa ukili mbaya, ilhali mwanafunzi aliyepewa chane nzuri hutoa ukili unaoweza kutumika.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta uzi, nakushukuru kwa maelezo haya, lakini nina pingamizi. Mimi natoka Iringa, ambako vikapu vyetu husukwa kwa milulu inayoota sehemu zenye majimaji. Nimeshuhudia wanawake wawili wakigawana mzigo mmoja wa milulu, iliyovunwa siku moja na kukaushwa mahali pamoja, na vikapu vyao havikufanana hata kidogo. Cha mmoja kilikuwa na mkazo unaolingana tangu kitako hadi mdomoni. Cha mwenzake kilikuwa kimebana chini na kulegea juu. Malighafi ilikuwa ileile. Mkono, basi, hauwezi kuwekwa nyuma namna hiyo. Mkazo ndio ufundi, na mkazo haupatikani kwenye kuanika.

Mleta uzi

Dada yangu wa Iringa, pingamizi lako lina uzito nami nalipokea. Mkazo ni ujuzi wa mkono, na hakuna matayarisho yanayoweza kuuziba upungufu wake. Ninachodai ni kwamba mkono hauwezi kuwa na mkazo ulio sawa juu ya kitu kisicho sawa. Katika mfano wako milulu ilikuwa imetayarishwa vyema, ndiyo maana tofauti ya mikono ikaonekana waziwazi. Malighafi ikiwa mbaya, hata mjuzi hulazimika kuvuta hapa na kulegeza pale ili kufidia, na kazi yake haitambulikani tena na ya asiyejua. Kwa hiyo naona hoja zetu mbili zinategemeana, ila yangu hutangulia kwa wakati.

Ningependa pia kuongeza kwamba katika kufundisha tumelipuuza jambo hili. Mtoto hukabidhiwa chane zilizokwisha tayarishwa na kuoneshwa jinsi ya kupishanisha. Anajifunza kusuka, lakini hajifunzi kulichagua kuti. Siku aliyemtayarishia anapofariki au anapochoka, yeye huenda kununua ukindu kwa mtu asiyemjua, na hana namna ya kuukataa ulio mbaya kwa sababu hajawahi kuambiwa mbaya unafananaje. Samaki mkunje angali mbichi, na kwangu mimi mkunjo wa kwanza unapaswa kuwa kwenye kichaka cha mkindu, kabla ya ule wa barazani.

Mchangiaji wa pili

Naunga mkono kutoka Kenya, upande wa Ukambani. Kiondo, yaani kikapu chetu, hakisukwi kwa ukili. Nyuzi za msingi hufungwa kwenye kitovu cha kikapu na kutawanyika kila upande, kisha nyuzi mbili za kusukia huzizunguka zikipishana baina ya kila uzi wa msingi na unaofuata. Kitu kinachoumiza viungo na kula muda ni kuzipata hizo nyuzi. Nyuzi za katani, zitokazo kwenye mkonge, husokotwa kwa kuviringishwa juu ya paja, kidogo kidogo, na unene wake lazima ulingane kutoka mwanzo hadi mwisho. Mtu akikuona umekaa na kiondo kilichofika nusu, anadhani umefanya nusu ya kazi. Ukweli ni kwamba ulipomaliza kusokota ulikuwa umekwisha kuvuka mlima.

Inafaa wasomaji wajue pia kuwa mkonge si mmea wa asili ya huku. Asili yake ni Mexico, na uliletwa mwaka 1893 katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani na Mjerumani aitwaye Richard Hindorf. Kabla ya hapo wasusi wa Kikamba na Kikuyu walitumia nyuzi za magome ya vichaka na ya mbuyu. Mmea ulibadilika, lakini kazi ya paja ilibaki ileile, na hilo linanifanya niamini kwamba ufundi wa kiondo umo zaidi kwenye kusokota kuliko kwenye mmea wowote ule.

Mchangiaji wa tatu

Mimi naomba kufahamishwa kuhusu rangi. Nimenunua mkoba wa ukili wenye mistari myekundu, na mara ya kwanza nilipokutana na manyunyu, rangi ilihamia kwenye nguo. Je, hilo ni kosa la rangi yenyewe au la mtiaji?

Mleta uzi

Kwa kawaida ni kosa la mtiaji, nami nitaeleza kwa nini. Jani la mkindu limefunikwa na utando mwembamba wa nta unaozuia maji kupenya. Ndiyo sababu rangi haitiwi kwa kulowekwa kwenye maji baridi tu. Hutiwa kwa kuchemshwa, ukindu ukiwa umezama wote, na kugeuzwa ili kila jani lipate. Rangi za unga za dukani hushika upesi na hung'aa, kwa hiyo mtu huona jani limekuwa jekundu akadhani kazi imekwisha, kumbe nyingi imelala juu ya jani bila kuingia. Baada ya kuchemsha, ukindu lazima usuuzwe kwa maji mengi, tena na tena, mpaka maji yatoke meupe, kisha uanikwe kivulini. Aliyekuuzia mkoba huo, au aliyemuuzia ukindu, aliiruka hatua ya kusuuza.

Rangi za zamani zilikuwa na taratibu zake. Mizizi ya mdaa ilitoa weusi. Magome ya mikoko yana dawa ileile inayolainishia na kuhifadhia ngozi, nayo hutoa wekundu unaoelekea kahawia. Jani lililotiwa dawa hiyo likikutana na tope lenye chuma hugeuka jeusi, na weusi wa namna hiyo hauhami kwa urahisi kwa sababu umeundwa ndani ya jani lenyewe. Manjano hutoa rangi ya kupendeza sana, lakini jua huila. Kikapu kilichotiwa manjano kikikaa dirishani, upande unaotazama nje hufifia kabla ya ule wa ndani. Siwezi kumlaumu msusi anayetumia rangi za dukani, kwa kuwa kuchimba mizizi na kuponda magome ni kazi nzito, na magome ya mikoko yakibanduliwa ovyo mti hufa. Ninachomtaka afanye ni kuchemsha vya kutosha na kusuuza bila uvivu.

Mchangiaji wa nne

Wakuu, mmezungumzia vikapu vya wanawake tu. Wanaume nao husuka. Mimi ni mvuvi, na dema langu la kutegea samaki nimelisuka mwenyewe kwa fito zilizopasuliwa nyembamba, zikienda pande tatu na kuacha matundu ya pembe sita. Ubora wa usukaji huo ni kwamba fito za pande tatu hujifunga zenyewe. Ukisukuma moja, nyingine mbili huizuia, hivyo tundu halipanuki wala halifinyiki samaki anapojigonga. Tenga la kubebea samaki ni kazi nyingine tena, vijiti vigumu vya kusimama na vyepesi vya kuzungushia.

Na kuhusu hoja ya mleta uzi kwamba jani lazima likauke kwanza, naona haihusu kila kitu. Pakacha tunalisuka kwa kuti la mnazi likiwa bichi kabisa, chini ya mnazi uleule, na linabeba nazi au samaki siku hiyohiyo.

Mleta uzi

Kaka mvuvi, umesema kweli, na pakacha linanilazimu kuiwekea hoja yangu mpaka. Pakacha halisukwi ili lidumu. Husukwa kwa dakika chache, hubeba mzigo mmoja au miwili, kisha huachwa. Kupungua kwa jani hakuna madhara kwa chombo ambacho hakitarajiwi kuiona wiki ijayo, na kuti bichi lina faida ya kukunjika bila kulowekwa. Hata methali inalichukulia pakacha kuwa ni chombo cha kuvuja, inaposema kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi. Kwa hiyo niseme hivi: kila chombo kina matayarisho yanayolingana na umri unaotakiwa. Jamvi la miyaa, yaani majani ya mkoma, linalotandikwa kwenye matanga na harusini lina matayarisho yasiyo makali kama ya mkeka wa kulalia, kwani jani la mkoma ni gumu na jamvi hukusudiwa kuvumilia miguu. Kifumbu cha kukamulia nazi hulowa kila siku, basi kinahitaji jani lililokomaa zaidi kuliko lile jeupe laini la msala wa kuswalia. Nakushukuru kwa sahihisho hilo, na nakuomba uanzishe uzi wa dema peke yake, maana ufundi huo unastahili.

Mchangiaji wa tano

Mimi ni mwanafunzi wa ususi. Ukili wangu sasa umenyooka, lakini ninapoushona kuwa kikapu, kitako hakilali. Baada ya mizunguko michache huanza kuinuka kingo na kuwa bakuli, hata kabla sijataka kupandisha ubavu. Nikijaribu kuulegeza, kitako kinafanya mawimbi. Hayo nayo yanatokana na matayarisho?

Mleta uzi

Binti yangu, swali lako ni zuri, na jibu lake liko nusu kwenye matayarisho na nusu kwenye hesabu. Ukili unapozungushwa, kila mzunguko mpya lazima uwe mrefu kuliko uliotangulia kwa kiasi maalumu, nacho ni takribani mara 6 na robo ya upana wa ukili wenyewe. Ukili wenye upana wa sentimita 5 unapaswa kuongeza kama sentimita 31 katika kila mzunguko, bila kujali kitako kimefikia ukubwa gani. Ukitoa pungufu, kingo huinuka na unapata bakuli lako. Ukitoa zaidi, unapata mawimbi. Wasusi wetu hawapimi kwa rula. Huutegea ukili kwa kidole gumba wanapopiga shazia, ile sindano kubwa ya kushonea, wakiulisha kidogo mbele ya mshono, na hatimaye kidole hujifunza kiasi.

Lakini kuna sababu ya pili. Ukili unapopinda, ukingo wake wa ndani lazima ufupike na wa nje urefuke. Hilo linawezekana kwa kuwa umesukwa mshazari, na chochote kilichosukwa mshazari huweza kunyumbuka kidogo kikivutwa. Ukili mwembamba hupinda kwa urahisi. Ukili mpana hukataa, hasa karibu na kitovu ambako duara ni dogo. Ndiyo maana ni vyema kuanza kitako kwa ukili mwembamba. Aidha, jani likiwa limekauka mno wakati wa kushona, unyumbukaji hupotea. Lowesha ukili kidogo kabla ya kushona kitako, ushone ungali na unyevu huo, kisha ukiwekee kitu kizito hadi kikauke. Ukifika mahali unapotaka ubavu uanze, acha kuongeza urefu. Mzunguko unaofuata uwe sawa na uliotangulia, na ukili utasimama wenyewe.

Mchangiaji wa sita

Naomba kuongeza kuhusu upatikanaji wa ukindu, kwa sababu bila mti mazungumzo haya yote hayana pa kusimama. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Tulifurahi, tukijua watu watakikumbuka kikapu. Lakini kila anayehitaji kikapu anahitaji kuti changa, na kila kuti changa linalokatwa ni jani ambalo mti ungelitumia kujilisha. Je, wavunaji wana utaratibu wowote?

Mleta uzi

Utaratibu upo kwa wanaojua, ila haushikwi na wote. Mvunaji mwenye adabu hachukui makuti mawili mfululizo katika kigogo kimoja. Huacha linalofuata lichanue ndipo arudi. Hugawa kichaka, akivuna vigogo vya upande huu leo na vya upande mwingine safari nyingine. Mkindu humsaidia kwa kuwa ni mti wa vigogo vingi, kwa hiyo huvumilia kuliko mnazi wenye kigogo kimoja. Hata hivyo kuvumilia si kutokufa. Kichaka kinachovunwa kila kilele kila mara hutoa makuti mafupi zaidi na zaidi, na kuti fupi lina maana ya chane fupi, viungo vingi katika ukili, na kila kiungo ni sehemu dhaifu. Msusi anaweza kukisoma kichaka kilichochoka kwa kuuangalia ukili wake upande wa ndani. Kwa mtazamo wangu, vikundi vya wasusi vinapaswa kuwa na vichaka vyao vya kupandwa kandokando ya maji, na fedha ya kwanza ya kikundi ielekezwe huko kabla ya kununua rangi.

Mchangiaji wa tatu

Naomba swali la mwisho kwa niaba yetu wanunuzi tusiosuka. Haya yote yamekwisha kufichwa ndani ya kikapu kilichokamilika. Nitayatambuaje nikiwa nimekishika mkononi, na nikishakinunua nikitunzeje?

Mleta uzi

Hayajafichwa sana. Kiinue kikapu kwenye mwanga na utazame kupitia ubavu. Ukiona vitundu vidogo vinavyolingana kila mahali, jani lilisukwa kabla halijakauka. Tundu moja moja ni jambo la mkono na si la kutisha. Kigeuze ndani na uangalie ncha za chane zilizounganishwa. Zikiwa nyingi na zimekaribiana, kuti lilikuwa fupi. Pitisha kidole kwenye kingo za ukili pale chane inapokunjwa na kurudi; mikunjo iliyopasuka huonesha jani lililokomaa mno au lililosukwa bila unyevu. Kinuse ndani, kwa sababu harufu ya ukungu hutangulia madoa. Kama kina rangi, lowesha kitambaa cheupe na ukisugue kwenye mstari wenye rangi kali kuliko yote. Mwisho kiweke juu ya sakafu tambarare uone kama kitako kinagusa chote, kisha shika vipini vyote viwili na uvute kwa nguvu ya kawaida ya mzigo, ukitazama mshono uliopo chini ya vipini kuliko vipini vyenyewe.

Kuhusu utunzaji, usikiloweke. Kifute kwa kitambaa chenye unyevu, kianikwe kivulini mahali penye upepo, na kisihifadhiwe ndani ya mfuko uliofungwa. Kikikauka kupita kiasi katika miezi ya jua kali, kinyunyizie maji kidogo kabla ya kukikunja au kukibebesha mzigo. Uzi wa mshono huchakaa kabla ya ukili, kwa hiyo mara tu unapouona umeanza kukatika mpelekee msusi akushonee, maana mzunguko mmoja ukiachia, uzito wake wote huhamia kwenye mzunguko ulio jirani.